Samurai, Mama Fua na Kitabu cha Mzee Wekesa

Nyinyi mnaotafsiri filamu siku hizi, mnakaa chumbani na kompyuta, mnarekodi, mkikosea mnafuta na kurudia. Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa wakati ukikosea umekosea mbele ya watu. Haya. Koo limekataa, nimestaafu, na mchana mzima sina la kufanya. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta makosa yarukeni mwendelee. Nilianza na mshahara gani na nikamaliza na gani, hiyo si habari yenu.

Ukumbi wetu wa video ulikuwa mtaa wa Mbotela. Kuta za mabati, mabenchi kumi na mawili, televisheni moja, deki moja, spika mbili, moja ikikohoa. Filamu zilikuwa za Kizungu, za Kihindi, za Kichina. Watu wengi hawakuelewa maneno, na walioelewa waliona hayana utamu. Kwa hivyo mtu mmoja alikaa kando ya televisheni na maiki, akawaeleza kwa Kiswahili nani anamfukuza nani na kwa sababu gani. Mtu huyo tulimwita dijei, na kwa miaka mingi alikuwa Odhis. Mimi niliuza chai na mandazi mlangoni. Kabla ya hapo nilikuwa nafulia watu nguo huko mtaa wa Umoja, miaka sita, mpaka kiuno kikaniambia basi.

Odhis akaenda matanga kwao, akakaa wiki tatu. Bwana Njuguna, mwenye ukumbi, akaja kwenye sufuria yangu ya chai.

"Mama Nafula, wewe umesikia hizi filamu zote."

"Nimezisikia. Sijaziona. Mimi hukaa mlangoni."

"Ni sawa tu."

Haikuwa sawa. Hadithi nilizijua kwa masikio, picha sikuzijua, kwa hiyo siku ya kwanza nilikimbia mbele. Nilimuua mtu akiwa bado anakunywa soda. Kuna mzee akaniambia kutoka benchi la tatu, kwa upole kabisa, "Mama, mngoje afe kwanza."

Odhis aliporudi na kusikia hayo alicheka hadi akakaa chini. Halafu akanifundisha, na aliyonifundisha ndiyo nawaachia. Usiwaambie watu wanachokiona, wana macho. Ukisema "anafungua mlango" umewapotezea muda. Waambie anaogopa nini nyuma ya huo mlango. Majina ya kigeni yatupe, wape watu wa filamu majina ya mtaani ili wazee wasipotee. Adui awe mwenye nyumba, hapo huhitaji kueleza zaidi, kila mpangaji ameelewa. Maiki ifunge kwa leso, vinginevyo kila neno linatoka na upepo, na hiyo leso uifue kila Jumatatu, kwa sababu mate ya wiki nzima yanabadilisha sauti ya mtu. Maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, soda baridi waachie wateja. Diski ikiwa na michirizi, paka dawa ya meno, futa na fulana kuukuu ukitoka katikati kwenda nje. Ukifuta kwa kuzungusha, umeiua.

Odhis baadaye alienda kwao kulima, akaniachia kiti. Nilikikalia hadi juzi. Miaka yote hiyo nimetafsiri vita, mapenzi na nyoka wenye vichwa vitatu, lakini kesi iliyokaribia kuninyang'anya maiki ilikuwa ya mtu mmoja aliyekaa tu.

Ilikuwa diski ya samurai. Bwana Njuguna aliinunua ndani ya furushi la filamu za karate, akaona juu ya karatasi mtu ameshika upanga, na papo hapo akaandika kwenye ubao wa nje: KARATE KALI, JUMAPILI SAA NANE. Kwetu filamu yoyote kutoka upande ule ilikuwa karate, hata ya harusi. Nami nikafanya kosa langu. Jumamosi niliiweka kwenye deki nikaangalia robo saa ya kwanza tu, nikitafuta michirizi. Michirizi haikuwapo, nikaitoa. Nilichoona ni mvua, hoteli ndogo kando ya mto uliofurika, na samurai mwembamba anaingia, anakaa, hasemi kitu, anaangalia mikono ya watu. Haina rangi, nyeusi na nyeupe. Maneno ni ya Kijapani, na maandishi chini ni ya Kichina. Hata Kizungu nasoma nikipumzika kati ya neno na neno. Kichina sikujaribu.

Sasa wiki hiyo jirani yangu Mzee Wekesa alikuwa ananisomea kitabu cha upelelezi. Alikuwa karani wa reli, amestaafu, na jioni alileta kiti mlangoni kwangu, akasoma kwa Kizungu na kunieleza kwa Kiswahili, mimi nikisukuma chapati. Malipo yake yalikuwa ile ya kwanza kutoka kwenye kikaango. Kitabu kilikuwa hivi: inspekta amekwama kwenye hoteli ndogo kwa sababu mvua imekata barabara. Mgeni mmoja amekufa kwa supu. Inspekta anakaa, hasemi kitu, anaangalia mikono ya watu. Mwishoni anawakusanya wote kwenye meza na kumtaja muuaji, na muuaji ni yule mwanamke anayefua mashuka ya hoteli.

Mvua na mvua. Hoteli na hoteli. Mtu anayekaa kimya na mtu anayekaa kimya. Nikajiambia huyu ni mtu mmoja, huku amevaa koti na kule amevaa joho. Hadithi ninayo.

Jumapili nilitoka kanisani moja kwa moja hadi ukumbini. Watu walijaa. Samurai akakaa, akanywa chai, akaangalia mvua. Kwa karibu saa nzima upanga haukutoka. Filamu nyingine watu wangekuwa wamesharusha maganda ya njugu. Lakini mimi nilikuwa nawamiminia kitabu cha Mzee Wekesa. Huyu ni Inspekta, nikasema, ametumwa kutoka makao makuu kwa siri. Yule mtawa mwenye kipara ni pasta wa uwongo. Mwenye hoteli ni mwenye nyumba, mnamjua. Mwuza chumvi ana deni la siri. Na katika supu ile kuna sumu. Yule mwanamke anayefua nguo za wageni uani nilimweka akiba. Watu walipenda hadi wakaanza kupigana viwiko wakibishana nani muuaji. Filamu ilipokaribia mwisho nikavuta pumzi, nikasema, "Muuaji ni huyu mama fua."

Hapo filamu ikakataa kunifuata. Samurai alitoa upanga wake pole pole, akauweka chini mbele ya yule mwanamke, akapiga magoti na kuinamisha paji la uso hadi sakafuni. Mwanamke akamtazama. Akamaliza kukamua shuka lake. Akabeba karai, akatoka. Kwisha.

Halafu sauti ikatoka nyuma. "Inspekta anamsujudia muuaji?"

"Ni mila yao," nikasema. "Kabla ya kumkamata mtu, wanamwomba radhi."

"Na mbona ameenda na karai?"

"Anaenda kuchukua viatu."

Walicheka, lakini benchi moja halikucheka. Lilikuwa la mama fua wa mtaa, wanawake wanaokwenda nyumba kwa nyumba Umoja na Pipeline kufua. Jumapili ndiyo siku yao ya kupumzika, na walikuja na dada zao, mashemeji na majirani, nusu ya ukumbi ilikuwa yao. Mkubwa wao, Mama Atieno, alinisimamia nikikunja waya wa maiki.

"Mama Nafula, miaka yote hii adui ni mwenye nyumba. Leo umefika kwetu."

"Ni filamu, dada."

"Filamu hatukuisikia. Tumekusikia wewe. Kesho naingia nyumba ya watu kufua, na mwajiri wangu alikuwa hapa. Unafikiri atasema nini nikimpelekea chai?"

Nikamwambia ni mzaha tu, watu wamesahau. Hawakuwa wamesahau. Kufikia Jumatano watoto mtaani walikuwa wanawaita wanawake wale "supu." Jumatano jioni ukumbi ulikuwa na watu kumi na mmoja, mmoja wao amelala.

Bwana Njuguna hakuwa mtu wa maneno mengi. "Jumapili naonyesha hiyo hiyo," akasema, "kwa sababu mtaa mzima unabishana juu yake. Kina Mama Atieno wakirudi na kukaa hadi mwisho, maiki ni yako. Wakikosa kuja, au wakitoka katikati, Kevo anaanza Jumatatu."

Kevo alikuwa kijana wa Umoja mwenye ulimi wa haraka, alitafsiri kwa Sheng na watoto walimpenda. Alikuja siku hiyo hiyo kujaribu kiti changu.

"Sasa mathe. Usijali, hii kiti nitaichunga poa."

"Usikiegemee sana," nikamwambia. "Mguu mmoja ni mgonjwa."

Nilikuwa na watoto watatu shuleni na sikuwa na kiuno cha kurudia karai la nguo. Nawaambia hivyo ili mjue sikuwa napigania sifa.

Alhamisi asubuhi, kabla ya ukumbi kufunguliwa, nikaweka ile diski, nikazima sauti kabisa, nikakaa benchi la wateja kwa mara ya kwanza maishani. Nikaangalia bila kusema neno. Ni jambo ambalo dijei hafanyi, na nawaambia lifanyeni.

Katikati ya filamu kuna kipande kifupi cha kumbukumbu: daraja, ukungu, wanaume wawili wanapigana, mmoja anaanguka mtoni, na yule mwanamke wa hotelini anakuja mbio ukingoni akimlilia. Jumapili nilikuwa nimesema yule anayebaki darajani ni adui, kwa sababu uso hauonekani. Sasa nikaona mkono wa joho lake umechanika, pale karibu na kiwiko. Halafu hotelini samurai anampa yule mwanamke joho lake alifue. Mwanamke analilowesha, analisugua, anafika karibu na kiwiko, anasimama. Pameshonwa. Anapapasa kwa kidole gumba. Anaangalia mlangoni kwa muda mrefu, halafu anaendelea kusugua.

Nilirudisha nyuma mara nne. Kisha nikatoka nikamleta Mzee Wekesa, ambaye alikuja na kitabu chake kwapani kama shahidi.

"Steringi mwenyewe, huyu shujaa wa filamu, ndiye aliyeua," nikamwambia. "Amemuua mume wa huyu mama. Hakuja kutafuta muuaji, amekuja kujitaja na mdomo umekataa. Ndiyo maana anakaa tu."

"Steringi hawezi kuwa muuaji."

"Angalia mkono wa joho."

Aliangalia. Akavua miwani, akafuta, akaangalia tena. "Basi mpelelezi ni nani?"

"Ni mama fua. Amejua tangu katikati."

"Na anangoja nini? Kwenye kitabu inspekta angekuwa ameshamkamata."

"Anangoja aseme mwenyewe."

Mzee Wekesa hakupenda. Alisema hiyo si hadithi, hiyo ni watu kukaa kwenye mvua. Kitabu kinakuficha jambo moja toka mwanzo, wewe unalitafuta, mwishoni unapewa mkononi, unafunga, unalala. Nikamwambia ndiyo maana nampenda inspekta wake jioni nikiwa nimechoka. Lakini inspekta akishamtaja mtu, kazi yake imeisha, anavaa koti anaenda. Huyu samurai kazi yake inaanza pale pale ambapo kitabu kinafungwa. Na kuficha, wote wawili wanaficha. Kitabu kinaficha muuaji ndani ya watu wengi. Filamu imemweka mbele ya macho yetu saa mbili, tukamwona mzuri kwa sababu amebeba upanga na hasemi.

"Wewe ndiye uliyemwita Inspekta," akasema Mzee Wekesa.

Hapo alinipata.

Halafu akanipa shauri, kwa wema. Jumapili diski izimwe kabla ya pale pa kupiga magoti, niseme imechubuka, naye atasimama asome sura ya mwisho ya kitabu kwa sauti, ila muuaji tutambadilisha awe mwuza chumvi. Mama fua wametakasika, watu wamepata mwisho, mimi nimepata kiti. Nilikubali. Sitawaficha, Ijumaa na Jumamosi yote nilikuwa nimekubali, hata dawa ya meno nilikuwa nimeiweka karibu ili ionekane nimejaribu kuifuta.

Jumapili kina Mama Atieno walikuja. Hawakwenda kwenye benchi lao. Walikaa karibu na mlango, mikoba mapajani, kama watu wanaongoja jina liitwe kliniki. Kevo alisimama ukutani. Bwana Njuguna alikuwa mlangoni, anawahesabu kwa macho. Nikafungua maiki niseme karibuni, na maneno ya mwuza chumvi yalikuwa tayari mdomoni. Nikamwangalia Mama Atieno, vidole vyake vimekunjamana kwa sabuni kama vyangu vya zamani, nikaona huyu siwezi kumdanganya mara ya pili nikimtazama.

"Jumapili iliyopita niliwadanganya," nikasema. "Hadithi niliyowapa si ya filamu hii. Ni ya kitabu cha Mzee Wekesa, yule pale."

Mzee Wekesa, ambaye hakuwa ametarajia, alisimama akapunga kitabu. Watu wakacheka. Kevo akatabasamu, akaangalia kiti.

"Na filamu inasema nini?" mtu akauliza.

"Kijapani sijui. Nitawaambia ninavyoona. Mkiona nadanganya, semeni."

Sikupaswa kusema hivyo, kwa sababu walilishika neno langu. Toka dakika ya kwanza ilikuwa kesi.

"Hapo ulisema ni sumu."

"Ni supu."

"Na huyu pasta wa uwongo?"

"Ni mtawa wa kweli. Ana njaa tu."

"Umemharibia jina mtumishi wa Mungu."

"Nimekosa."

"Mwuza chumvi naye? Lile deni?"

"Nilimwekea mimi. Hana deni na mtu."

"Mathe, na mwenye nyumba?" Kevo akauliza kutoka ukutani.

"Mwenye nyumba mwacheni vile vile."

Walikuwa wananipeleleza mimi kuliko walivyowahi kumpeleleza mtu yeyote kwenye filamu, na kila nilipokubali kosa walipiga mabenchi. Mlangoni hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyeinuka. Tukafika kwenye lile joho. Nikasimamisha picha.

"Mama Atieno," nikasema kwenye maiki, "njoo uniangalizie nguo."

Alikaa kwanza. Dada zake wakamsukuma. Akaja mbele, mkoba begani, akainamia televisheni hadi pua ikakaribia kioo.

"Hapo pamechanika pakashonwa," akasema. "Uzi si wa nguo hiyo. Na aliyeshona si mwanamke. Mishono mirefu hivyo ni ya mtu aliyeshona akiangalia nyuma." Akagusa kioo. "Si hii ndiyo ile ya darajani?"

"Ni hiyo."

Akageuka akauangalia ukumbi. "Ni yeye," akawaambia. "Huyu mnayemshangilia. Na mama fua amejua, hapa, kwa kidole."

Kelele zilizotokea hapo zilileta watu kutoka barabarani. Wanaume walisema steringi hawezi kuua namna hiyo. Dada mmoja wa mlangoni akawaambia hata yeye aliwahi kujua mume wa mtu ana mwanamke wa nje kwa njia hiyo hiyo, kwa kola ya shati. Nikaachilia diski. Mama Atieno hakurudi mlangoni. Alibaki amesimama kando yangu, na kuanzia hapo tulitafsiri wawili, yeye akisema mikono, mimi nikisema nyuso.

Tukafika kwa magoti. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya mahali hapo, nikainua maiki. Mama Atieno akaweka kiganja juu ya leso.

"Hapa nyamaza," akasema.

Nikanyamaza. Watu wote wale, na kilichosikika ni mvua ya Kijapani kwenye spika inayokohoa. Mwanamke akamtazama yule mtu aliyeinama. Akamaliza kukamua shuka. Akabeba karai, akatoka. Kwisha.

"Amemsamehe?" mtu akauliza.

Mama Atieno alikuwa ameshaenda kukaa, safari hii kwenye benchi lao la zamani, na wenzake wanamfuata na mikoba. "Weka tena," akasema. "Kutoka pale kwenye mkono."

Bwana Njuguna alimtazama Kevo. "Kijana, rudi Umoja," akasema. "Mwisho wenyewe haujafika."

Asubuhi yake nilikuwa nakanda unga. Mzee Wekesa alipita dirishani bila salamu, jambo ambalo si tabia yake, akasimama, akarudi. Kitabu alikuwa nacho, kidole ndani yake. Alisema amekisoma chote tena, toka mwanzo.

"Mama Nafula," akasema, "yule inspekta amemhoji kila mtu. Mpishi, tarishi, hata mgonjwa. Huyo mama fua hajaulizwa swali hata moja. Kitabu kizima."

Nikamwambia alete kiti.